Wanga Nilipunguza, Kolesteroli Ikapanda: Je, Nirudie?

SWALI: Hujambo mtaalamu? Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, naishi Kahawa West na kazi yangu iko Upper Hill. Mwaka jana niliacha kabisa ugali, chapati, wali, maharagwe na sukari kwa miezi saba, nikapunguza kilo 11. Halafu nikapima mafuta ya damu na daktari akaniambia kolesteroli mbaya imepanda. Nikaogopa, nikaacha. Desemba tukaenda ushago, chapati zikanishinda, na sasa kilo 7 zimerudi. Nataka kuanza tena lakini sitaki kujitafutia kiharusi. Shida yangu nyingine ni kudokoadokoa: njugu kwenye matatu, jibini ofisini, na usiku nikipika. Nirudie lishe ile? Daktari akinipa dawa, nizikatae kwanza nijaribu chakula? Na watoto wale ninachokula mimi?

JIBU: Sijambo, dada. Rudi, ila usirudi kwenye lishe ileile. Umenitumia picha za karatasi zote mbili za maabara pamoja na orodha ya ulivyokuwa ukila kwa wiki nzima, na orodha hiyo imenieleza mengi kuliko vipimo. Kupunguza wanga si kosa. Shida ilitokana na ulichokijaza kwenye sahani baada ya ugali kuondoka.

Tuzisome karatasi zako kwanza, maana nahisi ulionyeshwa tarakimu moja tu ukatishika. Kabla ya kuanza, kolesteroli yote ilikuwa milimoli 5.7 kwa lita, HDL (kolesteroli nzuri) 1.1, trigliseridi (mafuta yanayozunguka kwenye damu) 2.4 na LDL (ile kolesteroli mbaya) 3.5. Baada ya miezi saba ikawa 6.6, HDL 1.5, trigliseridi 1.1 na LDL 4.6. Trigliseridi zimeshuka zaidi ya nusu. Ini hugeuza sukari na wanga uliozidi kuwa mafuta na kuyamwaga kwenye damu, kwa hiyo ukipunguza wanga, tarakimu hiyo hushuka karibu kwa kila mtu. Inatakiwa iwe chini ya 1.7, nawe uko chini yake kwa nafasi nzuri. HDL nayo imepanda, na kwa mwanamke tunapenda ipite 1.2 au 1.3. Ungeishia hapo ningekupongeza tu.

Lakini LDL imepanda kwa 1.1, na hilo si jambo la kupuuza. Najua kuna watu mitandaoni wanaosema kwamba trigliseridi zikiwa chini na HDL juu, LDL haina maana tena. Sikubaliani nao. Watu wanaozaliwa na LDL ya juu kwa kurithi hupata mshtuko wa moyo mapema hata wakiwa wembamba, na dawa zinazoishusha LDL kwa njia tofauti kabisa hupunguza mishtuko hiyo. LDL huingia kwenye kuta za mishipa pole pole, mwaka baada ya mwaka, bila kukuuma popote. Mtu wa miaka 43 ana miaka mingi mbele yake ya kuathirika, na pia miaka mingi ya kurekebisha.

Jambo moja kuhusu karatasi hizo ambalo watu wengi hawaambiwi: mara nyingi maabara haipimi LDL moja kwa moja. Huikokotoa. Huchukua kolesteroli yote, hutoa HDL, kisha hutoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Jaribu kwenye simu yako: 6.6 toa 1.5 toa 0.5, unapata 4.6. Hesabu hiyo imetumika tangu 1972 na hufanya kazi vizuri ilimradi trigliseridi zisipite 4.5 na uwe umefunga kula usiku. Na ukikutana na maabara inayoandika kwa miligramu, tarakimu kama 178, usizirai. Gawanya kwa 38.67 utarudi kwenye 4.6 ileile.

Sasa orodha yako. Asubuhi: kahawa yenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi na kijiko kikubwa cha siagi, kwa sababu uliona mtu akifanya hivyo kwenye video. Mayai matatu ya kukaanga kwa siagi. Mchana: nyama ya kukaanga na sukuma iliyopikwa kwa mafuta ya kopo, yale meupe yanayoganda. Saa kumi, jibini. Jumamosi, mbavu za mbuzi za kuchoma na mutura. Maharagwe, ndengu, njahi: hakuna, kwa sababu “zina wanga.”

Hapo ndipo LDL yako ilipopandia. Ini lina vipokezi vinavyoikamata LDL na kuitoa kwenye damu. Brown na Goldstein, Wamarekani wawili waliovigundua, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mafuta ya aina inayoganda, yaani ya siagi, nazi, mawese na nyama nono, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo, na LDL hubaki ikizunguka. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula. Kwa mwanamke anayekula kalori 1,800 kwa siku, hiyo ni gramu 20. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina kama gramu 11 na cha siagi gramu 7. Kabla ya saa mbili asubuhi, kwa kikombe kimoja cha kahawa, ulikuwa umebakiza gramu mbili za siku nzima. Mayai, nyama na jibini vilikuwa bado.

Kahawa hiyo iache. Sina njia ya kuipamba.

Mayai yenyewe hayana hatia kubwa kama watu wanavyodhani. Kiini kimoja kina kolesteroli ya miligramu 186 hivi, lakini kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye chakula haipandishi ile ya damu kama mafuta yanayoganda yanavyofanya. Hata Marekani iliondoa kikomo chake cha miligramu 300 kwa siku mwaka 2015. Wapo wachache ambao miili yao huitikia yai kuliko wengine, na hatujui kama u mmoja wao. Kula moja au mawili kwa siku mpaka tuone kipimo kijacho, na uyachemshe au uyakaange kwa mafuta ya alizeti kidogo.

Nikae kidogo kwenye mafuta ya kupikia, kwa sababu Nairobi hapa tunadanganyika sana. Watu huniambia wameacha mafuta ya kopo na sasa wanatumia “salad”, yale ya maji, wakidhani wamemaliza kazi. Mengi ya mafuta hayo ya maji, hasa yale ya bei nafuu na yanayopimwa kwa mashine dukani, ni mawese yaliyochujwa, na karibu asilimia 40 au zaidi yake bado ni aina inayoganda. Utayatambua mwezi wa Julai baridi ikishika: chupa iliyokaa jikoni usiku kucha asubuhi ina ukungu mweupe chini, au imeganda nusu. Alizeti halisi haifanyi hivyo kwa baridi ya Nairobi. Ina asilimia 11 hivi tu ya aina inayoganda, na kanola kama 7. Na yale maandishi makubwa kwenye chupa yanayojisifu kwamba mafuta hayana kolesteroli? Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, yawe ya nazi, ya mawese au ya alizeti. Kolesteroli hutoka kwa wanyama. Geuza chupa usome nyuma yametengenezwa na nini. Mbele ni matangazo.

Kosa la pili kwenye orodha yako ni kuyafukuza maharagwe. Yana wanga, kweli: nusu kikombe cha maharagwe yaliyochemshwa kina gramu 20 hivi. Lakini karibu gramu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na sehemu ya nyuzinyuzi hizo huyeyuka kuwa kama ute tumboni, ikashika nyongo na kutoka nayo. Ini basi hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni kolesteroli, ambayo huivuta kutoka kwenye damu. Ulikiondoa chakula kinachoshusha LDL ukaweka kinachoipandisha. Hata mtu asiye na tatizo la kolesteroli angeona tofauti kwenye karatasi.

Kwa hiyo tunakwenda hivi. Usirudi kwenye gramu 20 au 30 za wanga kwa siku kama mara ya kwanza. Lishe huitwa ya wanga kidogo hata ukiwa chini ya gramu 130, na kwako nataka kati ya 100 na 120. Najua utasema kilo hazitashuka haraka vile. Sehemu ya zile kilo za wiki mbili za mwanzo, ambazo zilikufurahisha sana, ilikuwa maji: mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu hukaa na gramu kama tatu za maji, akiba ikiisha, maji huenda nayo, na siku ya chapati ya kwanza hurudi. Nadhani kilo mbili kati ya saba zako zilirudi kwa njia hiyo Desemba, kwa hiyo usijilaumu kwa zote. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata watu 609 kwa mwaka mmoja, nusu wakipunguza wanga, nusu wakipunguza mafuta. Wa kwanza walipungua kilo 6.0 kwa wastani, wa pili 5.3, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Ninachokisoma mimi hapo ni kwamba hakuna haja ya kufika chini kabisa. Chagua kiwango unachoweza kukaa nacho hata Desemba ikirudi.

Asubuhi yai au mawili, managu au terere, nusu avokado, chai ya maziwa bila sukari. Mchana, pale kibandani mnapokula Upper Hill, agiza ndengu au maharagwe na mboga mara mbili, na samaki au kuku akiwepo. Chapati waachie wengine. Usiku kula ugali na watoto. Ndiyo, ugali. Sahani uliyozoea ya gramu 300 ina wanga wa gramu 75 hadi 80. Kipande cha nusu yake, cha gramu 150 hivi, kinakupa 40, na ukijaza upande wa pili kwa kunde, sukuma au mrenda na omena, utashiba. Omena nakupendekezea kwa moyo wote: ni samaki wenye mafuta mazuri, bei yao inafaa, na mnawala na mifupa. Wakaange kavu kwenye sufuria kwanza, kisha nyanya na kitunguu na mafuta kidogo ya alizeti. Githeri nayo inakubalika, mradi wewe ndiye unayepakua: maharagwe mengi, mahindi machache. Nyama ya kuchoma mara moja kwa wiki sawa, chagua paja badala ya mbavu. Supu ya mifupa ipoze kwenye friji, uondoe ule utando mweupe wa juu, ndipo uipashe. Mikate ya keto (lishe ya wanga kidogo sana) ya unga wa lozi inayouzwa mitaa ya kitajiri, sijui nani alikudanganya kwamba ni lazima. Bei yake huniacha mdomo wazi.

Wiki ya kwanza kichwa kinaweza kukuuma na miguu kulegea, kwa sababu ukipunguza wanga figo hutoa chumvi nyingi pamoja na maji. Kwa kiwango hiki cha wastani huwa si sana; kunywa maji na bakuli la supu yenye chumvi ya kawaida. Umesema presha yako ni nzuri na huna kisukari. Msomaji mwingine anayesoma hapa na anatumia dawa za kisukari kama insulini, glibenklamidi au za kundi la dapagliflozini, au dawa za presha asianze kitu hiki kabla ya kumwona daktari wake, kwa sababu dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa au dawa kubadilishwa kabisa. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo vilevile.

Tuje kwenye kudokoa. Huhitaji kujikaza; unahitaji kula. Kwa mujibu wa orodha yako, siku nyingi ulikuwa unapitisha saa sita mchana ukiwa na kahawa na mayai, mchana unakula kidogo kwa sababu ya mikutano, halafu saa kumi na moja unapanda matatu ukiwa na njaa ya kweli na Thika Road imesimama. Mtu yeyote angenunua njugu. Pakiti moja ya gramu 50 ina kalori 285 hivi, nawe umeandika mbili, na siku za mvua tatu. Mbili tu zinapita kalori za ule ugali wa gramu 300 uliouogopa. Hata hivyo sitakunyang'anya njugu, kwa sababu mafuta yake mengi ni ya aina isiyoganda na husaidia kushusha LDL. Nunua pakiti moja, za kuchoma zisizo na sukari, uweke pesa nyingine ndani ya mkoba. Makadamia za kule Murang'a ni nzuri pia lakini zina mafuta zaidi. Ni za kuhesabu kwa vidole.

Kabla ya kutoka ofisini, saa kumi, kula kitu chenye jina: yai la kuchemsha lenye kachumbari kwa yule kijana wa mkokoteni, au kikombe cha maziwa mala. Smokie iliyo kando ya mayai kwenye mkokoteni huohuo ipite. Ni nyama ya kiwandani yenye mafuta na chumvi nyingi. Jibini la ofisini punguza liwe mara chache: gramu 30 zina gramu 6 za mafuta yanayoganda. Nikiri kwamba jibini halipandishi LDL kama siagi yenye mafuta ya kiasi kilekile, kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya vitu hivyo viwili, bora jibini.

Ile ya usiku ni tofauti. Hapo huli kwa njaa, unaonja. Kijiko cha mchuzi, kona ya chapati iliyobaki kwenye sahani ya mtoto, kipande cha nyama kabla hakijaiva. Umeandika mwenyewe kwamba ukikaa mezani huwa huna hamu tena, lakini unakula ili watoto wasiulize. Maana yake ulikula mara mbili. Akina mama wengi ninaowahudumia wamefaidika na jambo moja la kijinga: wanapakua sahani yao wenyewe kwanza, wanaifunika, kisha wanapakulia wengine, na mabaki ya watoto yanaingia moja kwa moja kwenye chombo cha kesho. Ukionja chumvi, onja kwa ncha ya kijiko mara moja. Baada ya meza kuondolewa, chai ya tangawizi bila maziwa, na jikoni taa izimwe.

Kabla ya yote haya, nenda ukapime. Umekula kawaida kwa miezi kadhaa sasa, na hiyo ni nafasi nzuri ya kujua ukweli. Funga kula kwa saa kumi hadi kumi na mbili, na uende maabara ileile ili tulinganishe kwa haki. LDL ikirudi karibu na 3.5, tutakuwa tumejua kwamba ni lishe ya mwaka jana iliyoipandisha. Ikiwa bado iko 4.6 au zaidi huku unakula ugali na maharagwe, basi tuangalie kwingine: omba kipimo cha tezi ya shingo, kinachoitwa TSH, kwa sababu tezi ikilegea LDL hupanda. Waulize pia wazee wenu kama kuna mwanamume katika ukoo aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65. Ukiweza kumudu, ongeza kipimo cha lipoproteini(a), chembe ya kolesteroli inayofanana na LDL, mara moja tu maishani. Hurithiwa, na kwa wastani sisi wenye asili ya Afrika huwa nayo juu zaidi ya wengine.

Kisha anza lishe, na urudie kipimo baada ya miezi mitatu, uzani ukiwa umetulia kwa wiki mbili tatu. Ukipima katikati ya kupungua kwa kasi, tarakimu huyumba na utaogopa bure, au utafurahi bure.

Kuhusu dawa, usizikatae kabla hazijatolewa. LDL ikifika 4.9 na kubaki hapo, madaktari wengi watapendekeza statini, yaani dawa za kushusha LDL kama atorvastatini, nami nitakubaliana nao, maana kwa kiwango hicho kuna uwezekano wa tatizo la kurithi ambalo sukuma haiwezi kulimaliza. Ikiwa chini ya hapo, mwombe daktari apige hesabu ya hatari yako yote: presha, sukari, sigara, umri, ukoo. Kwa mtu ambaye presha yake ni nzuri na havuti sigara, madaktari wengi hukubali miezi mitatu ya chakula kwanza. Na ukishaanza dawa, usiiache kimyakimya kwa sababu tarakimu imependeza. Imependeza kwa sababu unaimeza.

Watoto waendelee na ugali wao kamili, chapati za Jumapili, ndizi na viazi vitamu. Wanakua na wanacheza, na wanga haujawakosea. Badilisha mafuta ya kupikia kwa nyumba nzima, hapo hakuna sufuria mbili. Na ile kona ya chapati wanayoiacha, nayo iwekwe kwenye chombo cha kesho.